Kazi Isiyo na Shahidi

Liko swali moja la zamani ambalo kila mtu hulijibu kwa matendo yake, hata kama hajapata kulitamka kwa kinywa: je, wajibu hubaki wajibu mahali ambapo hapana jicho la kuutazama? Wanafunzi hupenda kulijadili swali hili kwa mifano mikubwa, kama mlinzi wa hazina aliyeachiwa funguo, au hakimu anayeletewa rushwa gizani. Mifano hiyo ni mizuri, lakini ina kasoro moja. Mwizi wa hazina huacha pengo, kwa kuwa fedha ikihesabiwa itapungua. Na hakimu mla rushwa yuko anayemjua, naye ni yule aliyempa. Nataka, msomaji, tulitazame swali hili mahali ambapo kosa haliachi pengo wala alama, na ambapo hata huyo anayedhulumiwa hajazaliwa bado. Mahali hapo ni kituo cha kupimia sumaku ya dunia.

Kila mwanafunzi ameona dira. Ni sindano ndogo ya chuma cha pua iliyotiwa sumaku, ikawekwa juu ya ncha nyembamba ili izunguke kwa hiari yake; nayo ukiiacha itulie, upande wake mmoja huelekea kaskazini. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliitegemea karne nyingi pamoja na nyota. Mwaka 1600 tabibu mmoja Mwingereza, William Gilbert, alichapisha kitabu akaeleza kwamba sindano haivutwi na nyota, wala na mlima wa chuma ulioko kaskazini kama wengi walivyodhani, bali dunia yenyewe ni sumaku moja kubwa. Leo twajua zaidi ya hapo. Yapata kilomita 2,900 chini ya nyayo zetu huanza bahari ya chuma kilichoyeyuka. Bahari hiyo kwa mwendo wake huzaa mikondo ya umeme, na mikondo hiyo huzaa nguvu ya sumaku inayoizunguka dunia yote na kuenea mbali angani.

Lau nguvu hiyo ingalikuwa thabiti, ingalitosha kuipima mara moja kila mahali na kazi ikaisha. Lakini haitulii. Mwaka 1580 William Borough aliipima sindano katika London, akaona kwamba haielekei kaskazini ya kweli, bali imepotoka upande wa mashariki kwa digrii 11 na robo. Mwaka 1622 Edmund Gunter akapima katika mji ule ule, akapata digrii 6 hivi tu. Mwaka 1634 Henry Gellibrand akapata digrii 4. Jambo jepesi kwa Gellibrand lingekuwa kusema kwamba waliomtangulia walikosea, maana wafu hawajitetei, na kila kizazi hupenda kudhani kwamba macho yake ni makali kuliko ya wazee wake. Badala yake, mwaka 1635 alithubutu kuandika kwamba wote walisema kweli, na kwamba kilichobadilika si uhodari wa wapimaji, bali ni dunia.

Nakuomba uitue kidogo fikira yako hapa. Ugunduzi huu mkubwa haukutoka katika chombo kipya. Ulitoka katika imani ya mtu mmoja kwamba mwingine, ambaye hakuwa na njia ya kumhoji, aliandika alichokiona. Kama Borough angalikuwa mtu wa kukadiria, au wa kuandika namba ipendezayo, miaka 54 ya mwendo wa dunia ingalipotea bila ya mtu kujua kwamba imepotea.

Baada ya hapo sindano ya London iliendelea na safari yake. Ilipita kaskazini ya kweli karibu na mwaka 1660, ikaelekea magharibi, na karibu na mwaka 1820 ilikuwa imefika digrii 24 upande huo kabla ya kuanza kurudi. Safari hiyo ni ndefu kuliko umri wa mtu na mwanawe na mjukuu wake. Fauka ya hayo yako mabadiliko mafupi. Mwaka 1722 George Graham, fundi wa saa wa London, aliona kwamba sindano hucheza kidogo kila siku. Mwaka 1741 katika mji wa Uppsala, Sweden, Olof Hiorter aliisoma sindano zaidi ya mara 6,000, akathibitisha kwamba usiku ambao mianga ya kaskazini hung'aa angani, sindano nayo hutetemeka kama iliyoshikwa na homa. Tarehe 5 Aprili mwaka ule ule sindano yake ilitaharuki, na ya Graham kule London ikataharuki siku hiyo hiyo. Ikawa wazi kwamba mambo haya si ya mji mmoja.

Kwa hiyo vikajengwa vituo. Carl Friedrich Gauss na Wilhelm Weber walianzisha chao katika Göttingen, Ujerumani, katika miaka ya 1830, wakawaita wenzao wa nchi nyingine kupima kwa pamoja, kila dakika 5 kwa saa 24, katika siku zilizoagwa. Waingereza wakaweka vituo Toronto, St. Helena, Rasi ya Tumaini Jema na Hobart, na vingi vya hivyo waliwakabidhi askari wa mizinga. Kazi ilikuwa hii: mchana na usiku, saa ilipofika, mtu wa zamu huingia katika nyumba isiyo na msumari wa chuma, huchungulia katika darubini ndogo, huisoma namba, huiandika katika daftari, hutoka. Baada ya muda mfupi hurudi, husoma, huandika, hutoka. Mwaka hupita hivyo, na mwingine. Sijui kazi nyingine inayofanana zaidi na kuhesabu mawimbi ya bahari.

Sasa tuwaze. Ni usiku katika kisiwa cha St. Helena, katika miaka ya 1840. Askari wa zamu amesoma sindano saa nane za usiku akaandika namba yake, akaketi. Mvua inapiga juu ya paa, mwili umechoka kwa kazi za mchana, usingizi ukamchukua. Alipozinduka, saa tisa ilikuwa imepita. Daftari liko mbele yake, na nafasi ya saa tisa i tupu. Saa kumi akasoma tena, akaona namba haikuachana sana na ile ya saa nane. Kalamu i mkononi. Baina ya namba hizo mbili iko ya tatu, ya katikati, ambayo hata mtoto wa shule ya msingi angeweza kuikokotoa. Akiiandika, ukurasa utajaa vizuri, mkubwa wake hatamkaripia, na yamkini sana namba hiyo itakuwa karibu kabisa na ile ambayo angeisoma kama angekuwa macho. Je, aiandike?

Askari huyu nimemwumba mwenyewe kwa ajili ya hoja. Simshitaki mtu yeyote aliyewahi kuishi. Nimewauliza wanafunzi swali lake mara nyingi, na kila mara darasa hugawanyika. Wako wanaosema haraka kwamba ni uongo, na uongo ni dhambi, basi. Hao sitashughulika nao sana, kwa sababu wamefika mahali pema bila ya kuiona njia. Nawapenda zaidi wale wanaobisha. Husema: uongo ni mbaya kwa kuwa humdhuru mtu, hapa nani kadhurika? Sindano haikudhurika. Mkubwa wa kituo kafurahi. Namba yenyewe ni karibu kweli. Kama ni dhambi, basi ni dhambi nyembamba kuliko uzi wa buibui.

Hoja hii ina nguvu, na haifai kujibiwa kwa kukunja uso. Tuijibu polepole.

Kila namba katika daftari lile husema mambo mawili kwa sauti moja. Husema, "Sindano ilikuwa hapa", na husema pia, "Nilikuwapo nikaiona." Namba ya kubuni yaweza kuwa karibu na kweli katika neno la kwanza, lakini katika neno la pili ni uongo mtupu, usio na ukaribu wowote. Hakuna kuwapo nusu. Na neno hilo la pili ndilo linalolipa la kwanza thamani yake. Kwani kama si kwa ajili ya shahidi aliyekuwapo, tungeweza sote kukaa nyumbani tukakokotoa namba za dunia nzima kwa chaki.

Tena, namba ya katikati si kitu kimya. Inadai kwamba baina ya saa nane na saa kumi hapakutokea jambo. Nalo ndilo jambo hasa ambalo hakuna ajuaye! Sindano yaweza kuruka na kurudi katika muda wa dakika chache, kama mlango uliofunguliwa na upepo ukajifunga tena. Nafasi tupu huliacha swali wazi, na atakayekuja baadaye ataona kwamba hapa pana swali. Namba ya kubuni hulifunga swali hilo na kuutupa ufunguo baharini. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba nafasi tupu ni aibu na namba ni fahari wameupindua ukweli juu chini. Nafasi tupu ya mtu mwaminifu ni habari kamili: yasema, "Saa hii hakuna aliyeona." Kuiandika kunataka ushujaa, maana mtu huandika uzembe wake kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino, mahali utakapodumu.

Hapa nina neno kwa walio wakubwa wa kazi, nami kama mwalimu nimo miongoni mwao. Mkubwa anayemwadhibu mtu kwa nafasi tupu, wala asiulize namba zilizojaa zimetoka wapi, anawafundisha watu wake kubuni. Atapata madaftari yaliyojaa, naye atajisifu kwayo.

Ama juu ya nani aliyedhurika, nitakujibu kwa kukuvusha bahari. Ng'ambo ya maji haya yanayopiga fukwe za Mombasa uko mji wa Bombay, ambao leo huitwa Mumbai. Huko Colaba palikuwa na kituo kilichoanzishwa mwaka 1826, na tangu miaka ya 1840 wasaidizi wake walikuwa wakisoma sindano kwa macho, saa baada ya saa. Tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya jua, mara akaona weupe mkali ukiwaka juu ya uso wa jua, ukatoweka baada ya dakika chache. Wakati huo huo chombo cha kituo cha Kew, karibu na London, kilitikisika kidogo. Yapata saa 17 baadaye dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku ambayo haina nyingi za kulinganishwa nayo. Mianga ambayo kwa kawaida huonekana karibu na ncha za dunia tu ilionekana hata katika visiwa vya Karibi. Marekani, nyaya za telegrafu zilijaa umeme usiotoka katika betri, na kuna mahali watu waliziondoa betri wakapelekeana habari kwa umeme huo wa angani peke yake. Katika baadhi ya vituo vya Ulaya, vilivyokuwa vikiandika kwa mwanga juu ya karatasi ya picha, mwanga ulitoka nje ya karatasi, na sehemu hizo za habari zikapotea.

Colaba walikuwa na macho na daftari. Huko ilikuwa tarehe 2 Septemba, kabla ya adhuhuri. Sindano ilipoanza kwenda wazimu, wapimaji waliongeza mara za kuisoma, wasingoje saa itimie. Namba zikashuka, zikashuka tena, mpaka zikafika mahali ambapo hapana mtu wa kituo kile aliyepata kuzifikisha. Kwa vipimo vya siku hizi, kushuka huko kulikuwa karibu nanotesla 1,600. Nanotesla ni kipimo kidogo sana, na nguvu yote ya sumaku juu ya uso wa dunia ni baina ya 22,000 na 67,000 hivi, kulingana na mahali. Lakini katika siku ya kawaida mchezo wa sindano hauzidi makumi machache, au mia katika sehemu nyingine. Basi jiweke mahali pa mtu yule. Namba unayoiona haifanani na yoyote uliyopata kuandika. Yamkini chombo kimeharibika. Yamkini macho yamechoka. Hili ni jaribu la pili, nalo ni gumu kuliko lile la askari wetu wa usingizi: kuisahihisha namba ya kweli kwa sababu haiaminiki. Watu wa Colaba waliiandika kama walivyoiona.

Baadaye madaftari yaliwekwa. Waliosoma sindano ile walizeeka wakafa, na majina yao si miongoni mwa yale yanayotajwa shuleni. Mwaka 2003 Bruce Tsurutani na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya dhoruba ile, nao waliutegemeza juu ya namba za Colaba. Miaka 144 ilikuwa imepita. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya maana ya kushuka kule, kama kulitokana na mikondo ya mbali angani au na mingine iliyo karibu zaidi na dunia; lakini hubishana juu ya maana, si juu ya kwamba mtu aliiona. Msomaji, huyo asiyezaliwa ambaye wanafunzi wangu hawamwoni, ndiye huyu. Wapimaji wale walikuwa na mdai ambaye hakuwapo duniani, asiyeweza kuwashitaki wala kuwashukuru, nao wakamlipa.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Katika shule moja niliyopata kufundisha palikuwa na kipimamvua katika uwanja wa nyasi, na wanafunzi wa chama cha jiografia waliwekwa zamu kukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Siku moja nilipolipekua daftari la miaka kadhaa nyuma, niligundua kwamba katika shule ile mvua haikunyesha Jumapili hata mara moja. Sifuri, sifuri, sifuri, hata katika mwezi wa Aprili, ambapo mbingu huwa zimefunguka. Na Jumatatu, ajabu ya maajabu, zilikuwa na mvua nyingi kuliko siku nyingine zote za juma. Hapakuwa na mtu mwovu katika jambo lile. Vijana walikwenda makwao au walilala, maji ya siku mbili yakapimwa kwa pamoja, na mahali pa Jumapili, kwa kuwa chombo hakikusomwa, ikaandikwa sifuri. Lakini sifuri husema "haikunyesha", na walichotaka kusema ni "hatukwenda". Mtu akitaka kujua kutoka daftari lile mvua kubwa kabisa ya siku moja, ili ajenge daraja au mfereji wa kutosha, atapewa ya Jumatatu, nayo ni ya uongo. Jumla ya mwaka ni sawa kabisa. Siku zake ndizo zisizoaminika, na hakuna hesabu ya kuzitenganisha tena.

Yuko atakayeniuliza swali la namna nyingine. Atasema, sawa, kazi ifanywe kwa uaminifu. Lakini kwa nini ifanywe kabisa? Katika nchi ambazo watu hutembea mwendo mrefu kutafuta maji, kuna haki gani kumlipa mtu mshahara aitazame sindano? Swali hili silidharau. Ningeweza kulijibu kwa manufaa, nayo yapo. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya sumaku iliuzima umeme wa jimbo la Quebec, Kanada, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9 hivi. Mei 2024 ilikuja nyingine kubwa, na wenye mitambo ya umeme, ndege na setilaiti walikuwa wameonywa, kwa kuwa jua na sumaku ya dunia vina watu wanaovilinda. Ramani za dira zinazotumiwa na meli, ndege na hata simu za mkononi husahihishwa kila baada ya muda kwa vipimo vya vituo hivi na vya setilaiti. Mwanzoni mwa 2019 zililazimika kusahihishwa kabla ya wakati wake, maana mambo ya kaskazini ya mbali yalikuwa yakibadilika upesi mno.

Walakini sitaki kuegemea manufaa peke yake. Watu wa Colaba hawakujua habari za mitambo ya umeme ya nchi nzima, haikuwako. Kama wajibu wao ungalitegemea faida wanayoiona, wangaliacha kuandika mapema. Jibu langu ni kwamba maji na sindano havigombanii kikombe kimoja kama inavyodhaniwa. Kituo cha namna hii ni nyumba ndogo na watu wachache. Na tofauti moja iko: kisima kisichochimbwa mwaka huu chaweza kuchimbwa mwakani, kwa taabu na majuto, lakini saa ya leo isipopimwa, mwakani hapana tajiri awezaye kuipima. Sisemi kwamba kwa hiyo sindano itangulie maji. Nasema tu kwamba anayepima hasara sharti aiweke na hii katika mizani.

Nchi hushindana kweli na vituo hivi, lakini kwa njia nyingine. Bombay ilipotaka tramu za umeme, ilijulikana kwamba mikondo yake ingeivuruga sindano ya Colaba. Ama tramu ikose kujengwa, ama kituo kihame. Kituo kilihama, nami naona ilikuwa haki, maana mji hauwezi kuwanyima watu wake mwendo kwa ajili ya sindano. Kikajengwa kingine Alibag, upande wa kusini, kwa mawe yaliyochaguliwa yasiyo na tabia ya sumaku. Lakini hawakufunga mlango mmoja na kufungua mwingine siku moja. Tangu 1904 hadi 1906 vituo viwili vilipima pamoja, ili ijulikane namba ya Colaba ni sawa na ipi ya Alibag, na uzi usikatike. Hapo waliusikiliza mji wa siku zao, wala hawakumsahau mgeni atakayekuja kuyasoma madaftari. Cape Town nako reli ya umeme ilikifukuza kituo, kikahamia Hermanus, ambako kazi ilianza mwaka 1941.

Siku hizi mashine huandika zenyewe, tena kila sekunde, na setilaiti tatu za Swarm, zilizorushwa Novemba 2013, huzunguka dunia zikipima kutoka juu. Mtu angedhani kwamba jaribu la askari wetu limekwisha. Halikwisha. Mashine hupotoka kidogo kidogo kwa joto na baridi na kuzeeka kwa nguzo inayoisimamia, wala yenyewe haijui kwamba imepotoka. Kwa hiyo katika kituo kizuri, kiasi cha mara moja kwa juma, mtu huvua mkanda wenye kifungo cha chuma, huacha funguo, saa na simu nje, huingia katika kibanda na kupima kwa mkono wake kwa theodolaiti isiyo na chuma. Kipimo chake ndicho kinachoisahihisha mashine. Nayo setilaiti hukimbia. Ikiona badiliko, si rahisi kujua kama ni mahali palipobadilika au ni wakati. Sharti pawe na mtu aliyesimama mahali pamoja.

Katika Afrika waliosimama hivyo ni wachache. Addis Ababa ina kituo tangu mwaka 1958, nacho kina cheo cha pekee, kwa kuwa kiko karibu na ikweta ya sumaku, ambako mkondo mkubwa wa umeme hupita mchana yapata kilomita 100 juu ya vichwa vya watu. Sisi wa Kenya tuko kusini ya mstari huo. Sindano iliyotundikwa vizuri hapa kwetu haikai sawa, bali ncha yake ya kusini huinama kuelekea ardhini. Nairobi nako kulipata kuwa na kituo, na katika majedwali ya dunia ziko safu za namba zake za miaka ya 1960 na 1970. Kisha safu hizo hukoma. Anayechunguza jinsi sumaku ya dunia ilivyobadilika katika sehemu hizi baada ya hapo hulazimika kukadiria kutoka mbali. Walau hakudanganywa: pale ambapo hapakuwa na mtu, pameachwa wazi.

Septemba 2019, katika Greenwich, dira ilielekea kaskazini ya kweli kwa mara ya kwanza baada ya miaka 360 hivi. Hapana mtu aliyeishi akaiona ikitoka na ikirudi. Twajua kwamba imerudi kwa sababu ya mlolongo wa watu ambao kila mmoja aliona kipande kidogo, akakiandika, akampa mwingine asiyemjua. Sasa sindano ile imevuka, inakwenda mashariki. Itafika wapi kabla ya kugeuka, haijulikani. Na atakayeandika siku ilipogeuka hajazaliwa, wala mwalimu wake.